Furaha ya Kuazima

Je, ni halali kumfundisha mtoto kusimulia raha ambayo hajawahi kuionja? Swali hili laweza kuonekana dogo, tena la watu waliokosa kazi ya kufanya. Lakini mimi limenikwama kooni kama mwiba wa samaki, na leo nimeona nilitoe mbele yenu, wasomaji wenzangu, tulitazame pamoja. Sina digrii ya falsafa. Ninachokijua ni chaki, ubao na watoto wa mpakani.

Swali lenyewe linatokana na somo la Kiingereza. Najua wapo watakaoguna, "Aa, ung'eng'e tena! Hilo si tumelizungumza mpaka basi?" Kweli tumelizungumza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia katika sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa, na malumbano yakaendelea miaka nenda miaka rudi: kipi kifundishie, Kiswahili ama kimombo? Leo siingii kwenye ugomvi huo. Nauliza jambo lililolala chini yake, ambalo hatuligusi. Maadamu tumeshaamua mtoto ajifunze Kiingereza, tunamfundisha aseme nini kwa hicho Kiingereza? Aseme habari zake, ama habari za mtu mwingine huku akijifanya ni zake?

Niwaeleze kwanza ninakosemea, maana si wote mmefika. Tunduma ni mji wa mpakani katika mkoa wa Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ukivuka mstari uko Nakonde, Zambia, ambako lugha rasmi ya serikali ni Kiingereza. Reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 inapita hapa, barabara kuu ya kwenda Zambia inapita hapa, na malori yaliyobeba shaba kutoka Zambia na Kongo hujipanga foleni kiasi kwamba mgeni hudhani kuna ajali mbele. Mtoto wa hapa huongea Kinyamwanga au Kinyiha na bibi yake, Kiswahili na wenzake, na Kibemba cha kutosha kuomba chenji ya kwacha asipunjwe. Lugha hizo hakufundishwa kwa fimbo. Alizipata kwa shida na kwa mchezo. Lakini mtoto huyohuyo, mdomo wote huo, akifika kwenye kipindi cha Kiingereza anakuwa bubu. Kwa nini?

Tusidanganyane kwamba Kiingereza hapa ni mapambo ya mabitozi. Makaratasi ya forodha yamejaa Kiingereza, mikataba ya usafirishaji vilevile, na huko sekondari karibu masomo yote yanamsubiri mtoto kwa lugha hiyo. Ndiyo maana kila mwaka, watoto wakishamaliza mtihani wa darasa la saba mwezi Septemba, wazazi hujikamua wakawapeleka tuisheni ya kujiandaa na kidato cha kwanza. Mama anauza nyanya, shilingi mia mia, lakini ada ya tuisheni anaipata. Mtu wa namna hiyo anastahili asidanganywe, wala mwanawe asifundishwe kudanganya.

Katika darasa mojawapo la tuisheni hiyo, ambamo mimi nilikuwa nikisaidia kusahihisha, mwalimu mwenzangu alileta somo lililodurufiwa kutoka kitabu cha kigeni. Mada ilikuwa bustani za burudani, zile zenye gurudumu kubwa linalowainua watu hadi juu kama kuku kwenye tenga, farasi wa mbao wanaozunguka, na kigari cha reli kinachopanda taratibu kisha kuporomoka watu wakipiga mayowe. Katikati ya karatasi palikuwa na picha ya kigari hicho kikiteremka. Chini yake zoezi: andika insha ya aya nne juu ya siku ulipokwenda kwenye bustani ya burudani.

Sasa, ndugu msomaji, bustani hizo ziko wapi kwetu? Watu wa Dar es Salaam watataja Kunduchi na mabwawa yake ya kutelezea. Watu wa Zanzibar watataja viwanja vya kufurahishia watoto vya Kariakoo, panapofurika sikukuu za Iddi. Kutoka Tunduma hadi Dar ni zaidi ya kilometa 900. Kwa mtoto wa hapa kilicho karibu ni Nane Nane, pale viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya, kilometa 100 hivi, na hapo awe na mtu wa kumlipia nauli ya kwenda kuangalia ng'ombe na matrekta, akibahatika akute na bembea la kulipia.

Insha zikaja. Karibu darasa zima lilikuwa limekwenda! Mmoja alipanda gurudumu kubwa Vwawa. Mwingine alikwenda na baba yake, mama yake na mbwa wao, wakala aiskrimu, wakarudi nyumbani wamechoka lakini wamefurahi. Wote walirudi wamechoka lakini wamefurahi, maana sentensi hiyo ilikuwa kwenye karatasi. Hao walipata kumi na nne, kumi na tano kwa ishirini.

Binti mmoja hakwenda. Aliandika Kiingereza cha kuvunjavunja, lakini kilichosomeka, ambacho nakitafsiri hapa kadiri ninavyokumbuka: "Mimi sijafika mahali hapa. Kwenye picha watu wamefungua midomo. Sijui wanalia au wanacheka. Mlima Senjele niliona watu wamefungua midomo hivi. Wale walikuwa wanalia." Wanaosafiri barabara ya Mbeya hadi Tunduma wanaujua mlima huo, na wanajua maana ya lori kufeli breki pale. Binti yule alipata tatu kwa ishirini. Pembeni mwenzangu aliandika kwa wino mwekundu kwamba yuko nje ya swali.

Tulibishana jioni ile mpaka muuza chipsi akafunga.

"Kaka," nilimwambia, "huyu ndiye pekee aliyeiangalia picha."

"Mdogo wangu, mtihani hauulizi nani kaangalia picha. Unauliza kama mtu anaweza kuandika aya nne kwa wakati uliopita bila kukosea."

"Hata yeye katumia wakati uliopita, tena bila kosa."

"Lakini hajaenda kwenye bustani!"

"Na hao wengine je, wamekwenda?"

Akacheka, nami nikacheka, kwa sababu lilikuwa jambo la kuchekesha kweli. Alama hakuzibadili.

Sitaki mumwone mwenzangu huyu mtu mbaya. Ni mwalimu mwenye moyo, na hoja zake zina uzito. Anasema yeye mwenyewe alijifunza hivyohivyo, kwa kuandika barua kwa rafiki wa Uingereza asiyekuwepo na kusimulia safari za baharini ambako hakufika, na ndivyo alivyofaulu akapata mshahara unaosomesha wadogo zake. Anasema maskini hana muda wa kungoja mpaka atungiwe kitabu chake. Kilichopo akimeze, avuke, mengine atayafikiria akiwa ng'ambo. Zaidi ya hayo anasema darasa la lugha daima ni maigizo. "Huyu ni Juma, huyu ni daktari," nani aliwahi kulalamika kwamba Juma si daktari?

Hoja hii ya mwisho ndiyo ngumu, na haifai kuikwepa. Kama kusema lisilokuwepo ni dhambi, basi na sisi tunaoota kuwa waandishi tufunge daftari zetu, twende tukauze mitumba. Shaaban Robert alichapisha "Kusadikika" mwaka 1951, habari za nchi iliyo angani, ambako hakuna abiria aliyewahi kushuka. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia ya Shakespeare juu ya Kaizari wa Roma mwaka 1963, akairekebisha na kuitoa tena mwaka 1969, na Watanzania wengi wakamjua Kaizari bila kukanyaga Roma. Je, hao nao walitufundisha uongo?

Hapana. Msomaji wa "Kusadikika" anajua hajafika Kusadikika, na mwandishi anajua kwamba msomaji anajua. Pana mapatano kati yao. Wanaocheza mchezo ni wawili, na mlango wa kutokea uko wazi. Hali kadhalika yule Juma daktari: anajua anaigiza, wenzake wanajua, kipindi kikiisha anavua udaktari wake anakwenda kucheza mpira. Lakini zoezi lile halikusema "tujifanye" wala "tuseme tumekwenda". Lilisema "siku ulipokwenda", kana kwamba kwenda ni jambo la kila mtu. Tena likaweka alama ishirini mezani, na mtoto akaelewa haraka, kama mtoto yeyote wa sokoni anavyoelewa bei, kwamba anayesema amekwenda analipwa na anayesema hajaenda anakatwa. Hapo mchezo umekwisha. Hiyo ni biashara, na kinachouzwa ni ukweli wa mtoto.

Hebu tuigeuze shilingi upande wa pili. Huku kwetu Mbozi tuna kimondo, pande la chuma lililoanguka kutoka angani, lenye urefu wa kama meta tatu na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Mtoto wa London akifundishwa habari zake, mwalimu atamweleza kilivyo, atamwonyesha picha, labda atamwuliza angependa kuona nini akifika. Sidhani kama atamwamuru aandike "Siku nilipokikalia kimondo cha Mbozi" kisha amnyime alama akisema hajawahi kukikalia. Cha kwetu, kwa mtoto wa London, kinabaki kitu cha kujua. Cha kwao, kwa mtoto wa Tunduma, kinageuzwa kitu cha kujifanya. Usawa uko wapi hapo?

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Furaha ya kuazima ni hivyohivyo. Mtoto akiivaa siku nyingi anajifunza jambo ambalo halimo kwenye muhtasari wa somo: kwamba Kiingereza ni lugha ya kuwa mtu mwingine. Kwa Kiswahili yeye ni mtoto wa mama muuza nyanya. Kwa Kiingereza ana mbwa, aiskrimu na baba mwenye likizo. Miaka kumi baadaye utamkuta huyohuyo, kijana wa mjini, akiandika barua ya kuomba kazi iliyojaa uzoefu asiokuwa nao, ama andiko la kuomba ufadhili lenye kijiji kisichokuwepo, nasi tutasema vijana wa siku hizi wasanii. Usanii aliujifunza wapi? Tulimpa kumi na tano kwa ishirini.

Lipo na kubwa kuliko hilo. Hapa mpakani nimewaona watu wazima wakipewa karatasi ya Kiingereza, wakaitikia kwa kichwa, wakatia sahihi, kisha wakaja kuuliza kijiweni maana yake nini. Hawakukosa msamiati peke yake. Walikosa ujasiri wa kusema kwa lugha ile sentensi tatu fupi: sijaelewa, sijafika, si kweli. Mtu anayeweza kusimulia bustani ya burudani kwa aya nne lakini hawezi kusema "sijaelewa" mbele ya karatasi inayomhusu, huyo ameibiwa kabla hajatia sahihi. Na binti yule wa alama tatu, kumbe, ndiye pekee aliyekuwa akizifanyia mazoezi sentensi hizo. "Sijafika," alisema. "Sijui," akasema. Nasi tukamwambia yuko nje ya swali.

Je, basi dawa ni kuifuta mada hii? Tuwafundishe watoto wa Songwe habari za kahawa ya Mbozi, mahindi, ng'ombe na malori tu, mambo wanayoyajua? Wapo wenye mawazo hayo, na wana historia nzuri nyuma yao. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa "Elimu ya Kujitegemea", akataka shule ifanane na maisha ya watu wake. Baadaye, katika mradi wa majaribio wa elimu ya watu wazima huko Kanda ya Ziwa, ulioanza mwaka 1968, vitabu vya kusomea vilitungwa kufuata kazi za watu: pamba, uvuvi, mifugo, migomba. Huko Brazili mwalimu Paulo Freire alikuwa akiwafundisha vibarua kusoma kwa kuanzia na maneno yao wenyewe, neno kama "tofali", neno lenye jasho lao ndani yake. Wote hao nawavulia kofia. Walijua kwamba mtu hujifunza haraka akikutana na uso wake kwenye ukurasa.

Lakini angalieni uso huo unafanya nini. Unalima, unavua, unafyatua tofali. Kila tulipotaka kitabu kifanane na mwanafunzi wetu tulimkumbuka mkononi, pale penye jembe. Hatukumkumbuka akicheza. Ndipo mtoto wa Tunduma akajikuta kati ya vitabu viwili. Kitabu cha kigeni kina furaha, ila si yake. Kitabu cha nyumbani kina maisha yake, ila hayana furaha. Akitaka kufurahi lazima awe mtu mwingine, na akitaka kuwa yeye lazima ashike jembe. Hili ndilo linaloniuma kuliko lile la uongo. Ni kana kwamba tumeshakubaliana, bila kulisema kwa sauti, kwamba maskini ana kazi na wenzetu wana raha.

Na si kweli, jamani! Njoo Tunduma Jumamosi baada ya mvua. Utawaona watoto wakiteleza kwenye mteremko juu ya dumu la mafuta lililopasuliwa katikati. Utaona kigari cha mbao chenye magurudumu ya beringi kuukuu kikishuka na abiria wawili, dereva akilia honi kwa mdomo. Utaona bembea ya kamba kwenye mparachichi, gari la waya lenye tela kama yale malori, tairi bovu linalokimbizwa kwa fimbo, kombolela, rede, mdako. Wanapiga mayowe, tena mayowe yaleyale ya kwenye picha. Watoto hawa hawana upungufu wa furaha. Kilichopungua ni mwalimu wa kuwapa maneno yake kwa Kiingereza.

Tena anayezijua bustani za burudani vizuri hatazikuta mbali hivyo na mparachichi. Kule Pennsylvania, Marekani, mwaka 1827 palijengwa reli ya kuteremshia makaa ya mawe kutoka mlimani. Mabehewa yaliyojaa yalishuka yenyewe kwa uzito wake. Matupu yalivutwa kurudi juu na nyumbu, wale wazaliwa wa punda na farasi, nao nyumbu wakati wa kushuka walipakiwa kwenye behewa lao kama abiria. Watu wakaona, wakatamani, wakaanza kulipa ili nao washuke, na hatimaye makaa yakahamia njia nyingine, reli ile ikabaki ya burudani tupu. Mwaka 1884 LaMarcus Thompson akajenga reli yake ya kuteremkia kule Coney Island, New York, akatoza senti tano kwa kigari kilichokimbia kama kilometa 10 kwa saa, mwendo ambao bodaboda wa Tunduma angeuonea aibu. Na lile gurudumu kubwa la kwanza la chuma, Chicago mwaka 1893, lenye kimo cha meta 80 hivi na vyumba 36 vya kubeba watu 60 kila kimoja, lilibuniwa na George Ferris, mhandisi aliyekuwa akipima chuma cha madaraja.

Mnaona? Wale nao waliteka furaha kutoka kwenye kazi. Behewa la makaa likawa mchezo, na chuma cha daraja kikawa bembea. Mtoto wetu anayelifanya dumu la mafuta kuwa gari la kutelezea anafanya lilelile walilofanya wao, ila yeye hajapata mtaji. Mwalimu akilijua hili, mada ya bustani za burudani haiwi tena dirisha la kuchungulia sherehe za matajiri. Inakuwa mazungumzo kati ya mafundi.

Hapo ndipo nilipofikia katika fikra zangu, na napenda mnipinge. Nadhani tunadaiwa na mtoto mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, apewe Kiingereza cha furaha aliyonayo: kuteleza, kubembea, kuogopa, kucheka, kuanguka, kurudia tena. La pili, asifichwe furaha asiyonayo. Wapo wazazi wanaoshtuka hapa. Starehe gharama, wanasema, kwa nini umwonyeshe mtoto kitu usichoweza kumnunulia? Naijibu hofu hiyo hivi: tamaa haimwumizi mtoto kwa kuwa ameijua. Inamwumiza anapolazimika kuificha, yaani anapotakiwa aandike "nilipanda" wakati moyo unasema "laiti ningepanda".

Na angalieni lugha yetu ilivyo na hekima. Kiswahili kina "nilipanda" na kina "ningepanda", na kati ya "li" na "nge" pana uhai wote wa mtu mnyofu. Kiingereza nacho kina nyenzo hiyo, lile neno "would", lakini walimu wengi tunaliweka mwishoni mwa kitabu, huko karibu na likizo, kana kwamba ni pambo. Kwa mtoto wa kikwetu lingekuja mapema. Anayejua "nge" anaweza kuizungumzia dunia nzima bila kusema uongo hata mara moja. Anaweza kwenda Chicago na kurudi akiwa bado ni yeye.

Msimu uliofuata nililijaribu hilo na kundi jingine. Picha ilikuwa ileile. Tuliiuliza maswali kwanza: hawa wanalia ama wanacheka, na kwa nini mtu alipe pesa ili aogopeshwe? Swali hili la pili lilituchukua kipindi kizima. Kijana mmoja alisema unalipa kwa sababu unajua utashuka salama. Mwingine akasema basi hiyo si hofu, ni picha ya hofu. Kwa Kiingereza chao cha kudundadunda walikuwa wanafanya falsafa, nami nikabaki kuwagawia vitenzi. Kisha nikawapa insha: kama Tunduma ingejengwa bustani ya burudani, ungeiweka wapi, na ungepanda nini?

Mmoja aliliweka gurudumu kubwa juu ya mstari wa mpaka wenyewe, ili mtu apande akiwa Tanzania, ashukie Zambia, arudi tena, bila kuonyesha karatasi kwa yeyote. Mwingine alitaka gurudumu liwe refu kiasi cha kuuona mwisho wa foleni ya malori, amwambie baba yake dereva zamu yake itafika lini. Mmoja hakutaka bustani kabisa. Alisema pesa hiyo ingenunua maji, na watoto wangeendelea na dumu lao. Nilimpa alama nzuri sawasawa na wenzake, kwa sababu alijibu swali, na alilijibu yeye.

Mwenzangu alizisoma insha hizo zote, akazisoma taratibu, kisha akasema, "Nzuri. Lakini hazitatoka kwenye mtihani." Ni kweli, na sina jibu la kumridhisha. Nafundisha na hizo aya nne za wakati uliopita pia, maana mama wa nyanya hakulipa ada ili nimfanyie mwanawe majaribio. Tofauti ni kwamba sasa kabla ya zoezi la namna hiyo huwa tunatamka kwa sauti, darasa zima: huu ni mchezo, hatujafika, tunajifanya. Inachukua nusu dakika. Kisha tunaandika uongo wetu kwa furaha, tukijua ni uongo wa nani na unaishia wapi.

Nanyi mnaoandika, mnaotuma hadithi na mashairi kwenye kurasa kama hizi, msidhani nawasema wanafunzi wa tuisheni peke yao. Ni mara ngapi tunamkuta mhusika wa Mwanjelwa ama Manzese akipenda kama mtu wa sinema, akinywa asichokinywa, akilia mvua ya nchi nyingine? Hatukatazwi kwenda mbali. Ila tuulize kwanza kama kalamu yetu imeshaandika "sijafika" hata mara moja, na kama imewahi kulitazama dumu lile likishuka mteremko na watoto wawili juu yake, ikatafuta neno lake halisi. Mimi hilo neno la Kiingereza bado nalitafuta. Watoto wenyewe huliita "ndege", na mpaka sasa sijapata lililo bora zaidi.